Kambi ya madaktari ya wiki moja au kushikana na hospitali iliyopo? Kwa wanaotaka kusaidia afya Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wana Kusini mlioko ughaibuni, pamoja na marafiki zenu wa huko mnaochangishana kila mwaka, swali lenu huwa ni lile lile: tumepata hela kidogo, tuna madaktari wawili watatu na manesi, tunataka kusaidia nyumbani, sasa je tuje na kambi ya matibabu wiki moja au tuchague hospitali moja tuishike miaka na miaka? Mimi niko Masasi na nimekaa upande wa wanaopokea, yani upande wa kutafuta mahema na viti, kutangaza kwa spika za msikitini na kanisani, kuandika majina tangu alfajiri, afu wageni wakishaondoka ndo tunaobaki kuulizwa "wale madaktari wanarudi lini?" Kwahiyo haya nayaandika kwa jicho la huku na nitawaambia wazi naegemea wapi.

Naegemea kushikana na hospitali. Ila sio kwa kila kitu, na hapo ndo watu wengi wanapochanganya, wanadhani ni lazima uchague moja uitupe nyingine. Mimi kipimo changu ni swali moja tu: siku ya nane, nyie mkiwa mmeshapanda ndege, huyu mgonjwa ataonwa na nani? Kama lina jibu, kambi inaweza kuwa baraka kubwa sana. Kama halina, bora hiyo hela iende kwingine.

Ugonjwa ndo uamue, sio likizo zenu

Chukueni mabusha na matende maana pwani yetu hii inayajua vizuri. Yote mawili yanatokana na minyoo ile ile inayoenezwa na mbu, inakaa kwenye mishipa ya limfu miaka na miaka mpaka siku mtu anaona mguu umevimba au korodani zimejaa maji. Serikali imekuwa ikigawa dawa kwa watu wote kwa mkupuo, ivamektini na albendazo, na zinazuia maambukizi mapya, lakini zile dawa hazilipunguzi busha lililokwisha kujaa wala mguu uliokwisha kuwa mgumu. Sasa angalieni, chanzo kimoja ila msaada wake ni tofauti kabisa.

Busha linataka kisu. Mara nyingi ni ganzi ya mgongo, upasuaji hauchukui muda mrefu, mtu anaangaliwa siku moja mbili anaenda nyumbani, kidonda kinakaguliwa mpaka kipone. Hii ni kazi ambayo kambi inaiweza, tena nasema kambi inaiweza kuliko utaratibu wa kila siku, kwasababu ya aibu. Mzee amekaa nalo miaka, haendi barazani, msikitini anakaa nyuma kabisa, kwenda peke yake hospitali kupanga foleni na mabinti wa watu hawezi, ila akisikia kuna siku maalum ya wanaume, bure, na mzee mwenzie wa jirani nae anaenda, anatoka. Wanatoka wengi kuliko mnavyotegemea. Nimeona wazee wanafika na kanzu safi kama wanaenda sikukuu, na nawaambieni hakuna kitu kinachonigusa kama kile.

Matende yanataka kitu kingine kabisa. Mguu uoshwe kila siku kwa maji na sabuni, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, michubuko itiwe dawa mapema, mguu uinuliwe mtu akikaa au akilala, mazoezi madogo, viatu vipana visivyobana. Ukifanya hivyo zile homa kali za matende zinapungua na mtu anarudi shambani. Hapo daktari bingwa wa kutoka mbali hana kazi, anayehitajika ni muuguzi au mhudumu wa afya wa kijijini anayepita kila mwezi kuangalia kama bibi anaosha kweli, na beseni, na sabuni, na maji. Na maji ndo shughuli yenyewe, maana wa Newala na Tandahimba mnajua, uwanda wa juu wa Makonde ni mkavu, vijiji viko juu na chemchemi ziko chini bondeni, kuna kaya ndoo moja ya maji ni safari. Ukimwambia mama aoshe mguu kila siku kwa maji safi wakati ya kunywa yenyewe ananunua, umemtwika mzigo. Charity inayotaka kusaidia matende kule juu ni lazima iwe pia charity ya maji, matenki ya kuvuna mvua kwenye paa la zahanati na kwenye nyumba za wagonjwa, na hiyo huwezi kuifanya wiki moja.

Macho ni hivyo hivyo. Mtoto wa jicho anatolewa leo, kesho bendeji inafunguliwa bibi anaona wajukuu, kambi safi, mradi yupo muuguzi wa macho atakayebaki kuangalia wiki zinazofuata jicho lisije likaingia wadudu. Presha ya macho hapana, ile ni matone kila siku maisha yote. Mdomo sungura, kambi sawa. Kope zilizogeukia ndani kwa ugonjwa wa vikope (trakoma), sawa pia.

Ila kuna foleni moja ndefu kuliko zote kwenye kila kambi na ndo isiyofaa kambi kabisa: presha na sukari. Watu wazima wanapimwa, wanakutwa presha iko juu, wanapewa vidonge vya mwezi mmoja kwenye bahasha, wanashukuru, wanaondoka. Mwezi ukiisha wengi hawaendi kokote, maana kwenye akili yao wameshatibiwa, tena na madaktari wakubwa kutoka nje, sasa aende zahanati kufanya nini? Ndo unakuja kusikia mzee kaanguka, upande mmoja umepooza. Jamani kumpa mtu dawa ya maisha kwa mwezi mmoja bila kumuunganisha na kliniki ya kudumu sio msaada kamili, na kama kambi yenu kazi yake kubwa ni hii, nawaomba kwa moyo mweupe mfikirie upya.

Watumishi: nani anatolewa wapi

Hili mkiwa mbali hamlioni. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu, tabibu mmoja, muuguzi mmoja, na mhudumu kama wana bahati. Kambi ikija inahitaji wakalimani na watu wa kupima na kuandika, halmashauri inawatoa hao hao na posho inalipwa, halali kabisa siwalaumu, lakini wiki ile zahanati yao inabaki na mtu mmoja au inafungwa. Mama mjamzito ametembea na kadi yake ya kliniki anakuta kufuli. Kwahiyo mkihesabu "tumehudumia watu mia kadhaa" hesabuni pia na wale waliokosa huduma kwa ajili yenu.

Halafu lugha. Kiingereza kinageuzwa Kiswahili, na kwa mabibi wengi wa Newala Kiswahili kinageuzwa tena Kimakonde, huko Masasi Kimakua au Kiyao, Ruangwa na Nachingwea Kimwera. Maelezo ya dakika moja yanapita midomo miwili kabla ya kumfikia mgonjwa, na daktari ana dakika tano kwa kila mtu. Muuguzi aliyezaliwa pale anauliza mwenyewe na anajua ni nyumba ya nani.

Upande wa kushikana na hospitali, mgeni mmoja wa ganzi na usingizi akikaa miezi mitatu anafundisha watu wanne, ameacha kitu ambacho hakipandi ndege. Huku Kusini tuna mfano wa hilo ambao vijana wengi hawaujui, Dokta Leader Stirling, daktari wa upasuaji Muingereza aliyekuja 1935 na misheni ya Waanglikana ya UMCA, akafanya kazi Lulindi kule Masasi, baadae 1949 akahamia Mnero kule Nachingwea kwa Wabenediktini (watawa wa Kikatoliki), akafundisha wauguzi kwenye majengo ya udongo na nyasi, akaja kuwa raia na mbunge, na tangu 1975 mpaka 1980 akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Siwaambii kila mtu ahamie Mnero, ila yule aliacha watu wanaojua kazi.

Na kama hamna mtu wa kukaa miezi mitatu, somesheni vijana hapa hapa. Vyuo vya afya vipo Mtwara mjini na Nyangao. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kutoka Marekani kwenda na kurudi mara nyingi inapita dola 1,000, mkiwa kumi na wawili hiyo peke yake ni dola 12,000 kabla hamjala wala kulala. Pigeni hesabu hiyo ni ada ya mabinti na vijana wangapi wa Liwale au Nanyumbu kusomea uuguzi na ukunga, kwa makubaliano wakimaliza warudi kwao.

Kontena la vifaa au hela ya kununua huku

Hapa sizunguki, kwa sehemu kubwa hela inashinda kontena. Vifaa vya Marekani vimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, huku ni 230, mtu akichomeka bila transfoma mashine imekufa siku hiyo hiyo. Ikipona hapo inakutana na umeme wetu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Ikiharibika spea haipo, kitabu cha maelekezo kiko kwa lugha ambayo fundi haisomi, na fundi mwenyewe wa vifaa tiba yuko mkoani. Uchunguzi wa Perry na Malkin wa 2011 kwenye nchi zenye uhaba ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba havifanyi kazi, na ukipita stoo za hospitali zetu huhitaji kuambiwa, vimejaa vitanda vya umeme visivyopanda wala kushuka.

Dawa ndo kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imeombwa na anayepokea, iwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi, na ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Mabaki ya makabati ya huko msituletee, kuyateketeza kwa utaratibu ni gharama inayomwangukia anayepokea. Bohari ya Dawa ya serikali (MSD) ina kanda yake hapa Mtwara, hospitali ikikosa kitu huko inanunua kwa wauzaji binafsi wenye vibali, na mkilipia mnasaidia mfumo uwe na nguvu badala ya kuuzunguka. Kontena lina maana pale hospitali imewaandikia wenyewe kwamba tunataka kitu hiki, modeli hii, na fundi ameshasema anaijua.

Vibali

Kwa ufupi maana hili halina ujanja. Daktari wa nje hata kama ni profesa anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, dawa na vifaa ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), forodha ni TRA (mamlaka ya mapato), na uhamiaji wana kibali chao cha kazi ya muda mfupi, viza ya utalii haitoshi. Mganga mkuu wa mkoa na wa wilaya lazima wajue tangu mwanzo. Kambi inarudia karatasi hizi kila mwaka kwa kila mtu. Mkishikana na hospitali iliyopo wao ndo wana leseni, nyie mnaleta mtu mmoja mmoja, karatasi zinapungua sana. Na kabla hamjakimbilia kusajili shirika lenu jipya hapa Tanzania chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002, jiulizeni mtaweza ripoti na mahesabu ya kila mwaka? Mara nyingi mkataba wa kueleweka na hospitali ya dayosisi au halmashauri unatosha.

Upande wenu wa kuchangisha

Najua kinachowasukuma wengi kwenye kambi ni kwamba inauzika. Picha za foleni, idadi ya waliotibiwa, wafadhili wanaona wiki ile ile hela yao imefanya nini. Kulipia mshahara wa mkunga na mafuta ya jenereta hakuna picha. Huo ugumu ni wa kweli na siudharau. Ila angalieni hela zinavyoingia: kambi inakusanya kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, hospitali inataka kidogo kidogo kila mwezi, kwahiyo charity inayotaka kushika hospitali itafute wachangiaji wa kila mwezi hata kama ni wa pauni tano. Uingereza mkiwa mmetambulika kama charity na mchangiaji ni mlipa kodi, Gift Aid (serikali inairudishia charity kodi ya mchangiaji) inaongeza peni 25 kwa kila pauni, kwenye mchango wa kila mwezi inajijenga yenyewe. Charity ya Uingereza ikivuka mapato ya pauni 5,000 kwa mwaka kwa kawaida inatakiwa isajiliwe na Charity Commission (msimamizi wa charity). Marekani ni hadhi ya 501(c)(3), yani charity isiyotozwa kodi, na fomu 990 ya mahesabu kila mwaka, na ile fomu mtu yeyote anaweza kuiona, kwahiyo msijaze nauli zenu humo afu mkaziita matibabu.

Badala ya picha za wagonjwa wapelekeeni wafadhili namba za hospitali yenyewe, mwaka jana wazazi wangapi walijifungulia pale, wangapi walipewa rufaa wakafika salama, siku ngapi oksijeni ilikosekana. Picha ya mtu amelala na busha au mtoto mchafu analia msiiweke popote, yule ana jina na watu wake wana simu wataiona. Tanzania tangu 2022 ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na habari za afya ya mtu zimo. Kabla ya sheria ni heshima.

Hospitali ipi sasa

Watu wakishakubali wote wanakimbilia Ndanda. Ndanda ni hospitali kubwa ya Wabenediktini, misheni yenyewe imeanza 1906, ina jina na ina marafiki Ulaya tangu zamani. Nyangao kwa Lindi ni hivyo hivyo, hospitali ya dayosisi. Zote ziko barabara ile ile ya Mingoyo kwenda Masasi, lami, mgeni anafika bila taabu. Kwa kambi ya upasuaji ni huku, maana kuna thieta (chumba cha upasuaji), kuna damu, kuna watu wa kubaki na wagonjwa siku ya nane. Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi ni hospitali za rufaa za mikoa, zinafaa kwa mafunzo na wagonjwa wagumu, na sasa ipo na ile ya kanda pale Mitengo, Mtwara.

Lakini kwa msaada wa miaka na miaka mimi ningewaomba mtoke kwenye lami. Vituo vya afya na zahanati za ndani ndani, Liwale huko, Nanyumbu karibu na mto Ruvuma, vijiji vya Tandahimba. Huko hela ndogo inaonekana: sola ya chumba cha kujifungulia, nyumba ya mkunga ili asihame baada ya mwaka, tenki, pikipiki ya kusambaza chanjo. Hasara yake ni kweli ipo, mahesabu ya zahanati yanapita halmashauri, majibu yanachelewa, mganga mfawidhi mliyezoeana nae anahamishwa. Dayosisi inajibu haraka zaidi. Mkiwa wageni kwenye hili jambo anzeni na hospitali ya dayosisi miaka miwili, iwasaidie kuwafikisha zahanati za jirani yake.

Msimu

Msipange kwa kuangalia likizo za shule za Ulaya. Kuanzia Juni watu wako kwenye mikorosho wanapulizia, Septemba mpaka Desemba wanaokota na kuuza, mvua zikianza ni kulima na barabara za Liwale zinakuwa tope. Mwanaume aliyetolewa busha hatakiwi kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, ukimfanyia Oktoba anakwambia sawa daktari afu kesho kutwa yuko na gunia begani. Mimi naona mwishoni mwa Mei ndo pazuri, ila ulizeni kwanza wenyeji na muangalie Ramadhani iko wapi mwaka huo. Na msiweke mizigo yote ije kwa barabara siku tatu kabla, kumbukeni Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake barabara ya Dar kuja Lindi ilikatika, Kusini yote ikakaa.

Kwa wale ambao tiketi zimeshakatwa na kambi ni mwaka huu, msifute. Ihamishieni ndani ya hospitali yenye thieta badala ya uwanja wa shule, chagueni mabusha au macho peke yake, foleni ya presha wapimeni lakini kila mmoja aondoke na kadi ya kliniki yenye tarehe na jina la kituo chake, lipieni watumishi wa ziada ili zahanati zisifungwe, na acheni hela ya miezi mitatu ya nauli za bodaboda za wagonjwa kurudi kukaguliwa, mkononi mwa hospitali, imeandikwa na kusainiwa. Na barua kwa mganga mkuu wa wilaya itumeni leo.